Kichapo cha Mashine, Baridi la Lushoto

Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilometa kama 30 tu, ila zile kona siyo za kitoto. Huku mwamba, huku korongo, Kosta inaunguruma kwa gia ya pili, na kila kona abiria mnalaliana bila kujuana. Siku ile nilikuwa nimepakata kitu kimefungwa kwenye kitenge cha bi mkubwa, kama mtoto mchanga kabisa. Dada wa siti ya pembeni akauliza, "Kaka, mtoto ana miezi mingapi?" Nikamfunulia kidogo aone: kadi ya michoro, RTX 4090, feni tatu, zaidi ya kilo mbili.

Kasha la mashine yenyewe, kompyuta yetu mpya, lilikuwa nyuma kwenye mizigo, limeviringishwa godoro. Kadi nzito namna ile ukiiacha imechomekwa kwenye mazabodi halafu ukapiga kona za Soni, unatia timu Lushoto sloti imepasuka. Mashine ya kazi haisafiri nzima. Unaichomoa kadi, unaipakata, unalinda. Hiyo niliielewa kabla hata sijalipa nauli.

Sasa kwa nini mashine ya mkwanja wote ule tuipandishe mlimani? Sikia mwanangu. Tuko watatu. Mimi ni mzawa wa hapahapa, Msambaa wa baba na mama, nimepita Chuo Kikuu Ardhi pale Dar. Wa pili ni dogo mmoja wa Magamba, konki wa programu ya Blender, kajifunza mwenyewe kwa bando la usiku. Wa tatu ni msee wa Nairobi aliyekuja kutembea Irente, akasimama pale ukingoni, akaiona Mazinde na nyika ya Wamasai ziko chini kabisa kama ramani mezani, akatamka, "Manze, hii place imeweza," na mpaka leo hajarudi kwao. Yeye anaita keja, sisi tunaita geto. Yeye anasaka doo, sisi tunasaka mpunga. Ila modeli ikishafunguka tunaongea lugha moja, nguzo ni nguzo na boriti ni boriti.

Mishe zetu ni hizi: maofisi ya Dar na Nairobi yanatutumia michoro, sisi tunaisimamisha. Kuta, mabomba, nyaya, nondo, paa, mpaka mteja anazunguka ndani ya jengo ambalo hata msingi haujachimbwa. Kazi hiyo kwa laptopu ya kawaida ni mateso. Unabonyeza dirisha lisogee, unaenda kuchemsha maji, unarudi, dirisha ndiyo kwanza linajifikiria. Tukachanga miezi kumi na moja. Tukapata prosesa ya Ryzen 9 7950X yenye viini 16, RAM gigabaiti 128 kwa vijiti vinne, na ile kadi yenye gigabaiti 24 zake yenyewe.

Dukani tulipigiwa kipimo cha Cinebench dakika kumi, AC inapuliza, namba zikawaka kwenye kioo, wote tukapiga makofi. Namba ile si uongo. Ila inapima mbio za dakika kumi kwenye chumba cha baridi na umeme mzuri. Haijui kitu kuhusu faili lako, haijui usiku wako, haijui soketi ya ukutani kwenu. Ndiyo maana tukakubaliana: kabla haijagusa kazi ya mteja hata moja, inakula kichapo siku tatu, mchana na usiku. Ikifa, ife mikononi mwetu, warantii ikiwa bado mbichi.

Siku ya kwanza almanusura tuiharibu kwa papara. Tumeunganisha, tumewasha, feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo giza. Dakika moja. Mbili. Ilikuwa Julai, baridi la kuvaa masweta mawili, lakini dogo wa Magamba kipaji cha uso kilikuwa kinang'aa jasho. Akapeleka kidole kwenye kitufe azime, nikakidaka. RAM za kizazi cha DDR5, hasa ukijaza vijiti vinne, mara ya kwanza mazabodi inakaa kuzipima, inatafuta mwendo ambao zote zitaelewana, na hilo zoezi linakula dakika kadhaa. Ukizima katikati, inaanza upya. Kuna watu wamerudisha dukani mashine nzima, nzuri, kwa kukosa subira ya chai. Sisi tukanywa chai. Kikombe cha pili hakijaisha, kioo kikawaka.

"Buda, mimi nilikuwa nishaizika," msee wa Nairobi akapumua.

Na uelewe, vijiti vinne vina gharama yake: vinakwenda polepole kuliko viwili. Mbio au uzito, chagua. Mchora nyumba ya vyumba vitatu anataka mbio. Sisi tulitaka uzito, kwa sababu modeli ikishapita ukubwa wa RAM, mashine inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na hapo hata mausi inatembea kama kobe. Wachoraji wa programu ya Revit wana kanuni yao ya siku nyingi: chukua ukubwa wa faili, zidisha mara 20, hiyo ndiyo RAM utakayoihitaji likifunguka. Faili la megabaiti 700, andaa gigabaiti 14 za jengo hilo peke yake. Bado hujafungua programu ya kurenda, yaani ya kutoa picha ya mwisho, bado hujafungua kivinjari, bado mteja hajakutumia picha 40 za vigae.

Sasa uzito wenyewe tuutoe wapi? Hapa ndipo roho yangu ilipo. Wana wengi wanajaribia mashine kwa modeli za kupakua, viwanja vya ndege vya Ulaya, minara ya Dubai. Sisi tukasema tunasimamisha Soko la Kariakoo.

Kila Msambaa aliyewahi kupanda Fuso la kabichi usiku kucha mpaka Dar analijua lile paa. Zege limefunguka juu kama miavuli iliyopinduliwa na upepo, kila mmoja juu ya nguzo yake, mvua ikinyesha maji yanakusanyika na kuteremka katikati. Aliyelichora ni Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika ukanda wetu huu, aliyesoma Technion kule Haifa. Soko lilifunguliwa 1975. Chini yake kuna shimoni, sehemu ya mizigo ya jumla, na kabichi za babu yangu zimeshuka mle miaka na miaka. Julai 10, 2021, usiku, moto ukalivamia. Nakumbuka bi mkubwa alikaa na redio mpaka kunakucha, hakuongea. Kwa hiyo tulipokuwa tunachora ule mwavuli wa kwanza hakuna aliyekuwa anatania. Tulitafuta picha za zamani, tukahesabu nguzo, tukabishana kuhusu unene wa zege saa nzima.

Na paa lile ni mtihani kweli kweli. Ukuta wa kawaida kwa kompyuta ni kitu chepesi, pembe nne na unene. Zege lenye mkunjo lazima likatwe pembetatu ndogondogo, na ukitaka mkunjo uonekane laini, pembetatu zinakuwa maelfu kwa kila mwavuli. Dogo akaongeza vizimba, mizani, matenga. Akatengeneza tenga la nyanya, nyanya mojamoja na vikonyo vyake, akalizidisha mpaka shimoni likajaa. Tukaangalia vipimo: mashine imetulia, haijashtuka hata kidogo. Nikajua kuna kitu. Alikuwa amezidisha kwa nakala za kivuli. Ukizidisha hivyo, mashine inakumbuka tenga moja tu na kulionyesha mara elfu, mzigo haiusikii. Tukamwambia kata huo undugu, kila tenga libebe nyanya zake lenyewe. Akakata. RAM ikapanda 40, 60, 90. Kadi ikajaza zile gigabaiti 24 zote, ikaanza kuomba msaada kwenye RAM ya mashine, na picha iliyokuwa inazunguka laini ikaanza kurukaruka. Poa. Sasa tumejua ukuta wetu uko wapi, na tumejua pia kwamba kazini tutatumia nakala za kivuli kila inapowezekana.

Kuna kitu kingine kilichowachanganya wenzangu. Tukiwa tunachora tu, kusogeza nguzo, kubadilisha urefu wa ghorofa, viini 16 vile kimoja kinakimbia, vingine 15 vimekaa. Msee akawaka: "Si tulilipia kumi na sita?" Nikamtoa nje, nikamwonyesha shamba la jirani ng'ambo ya bonde. Kabichi ikivunwa kule juu, njia ya kushuka ni moja, ya mguu, nyembamba. Uwe na vijana 16 au 60, wanapita mmoja nyuma ya mwingine. Kuchora kwenye Revit kuko hivyo, kazi nyingi zinafuatana, ukisogeza nguzo lazima kwanza boriti ijue, ndipo sakafu ijue, ndipo ukuta. Hapo unachohitaji ni kijana mmoja mwenye miguu ya haraka. Lakini kabichi zikishafika barabarani, Fuso limepaki, wote 16 wanapakia kwa pamoja. Huko ndiko kurenda. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa. Nimeshika." Kwa hiyo mwana, kama kazi yako ni kuchora tu na hurendi, usibebwe na wingi wa viini. Tafuta mbio za kiini kimoja, hela inayobaki weka kwenye RAM.

Usiku wa kwanza tukarenda. Viini vyote vinapiga kazi, prosesa ikafika nyuzi 95. Usishtuke, ile prosesa imetengenezwa ifike hapo, ikigusa 95 inajipunguza yenyewe isiungue. Cha kuangalia ni inajipunguza kiasi gani. Lushoto hapa kuna mambo mawili yanavutana. Hewa ni ya baridi, na baridi ni rafiki wa feni. Lakini tuko juu ya mita 1,400, na shinikizo la hewa ni dogo kuliko la pwani kwa karibu asilimia 15, maana yake feni inasukuma hewa nyepesi, inabeba joto kidogo. Nani kashinda? Baridi. Mashine ileile baadaye tuliipima pia Dar kwa binamu yangu, chumba cha bati, Machi, na feni zilikuwa zinapiga kelele kama mashine ya kusaga. Huku juu zilikuwa zinanong'ona. Bi mkubwa alipoleta uji alfajiri alisimama nyuma ya kasha, akatandaza viganja vyake kwenye hewa inayotoka, akasema, "Hiki kitu mngekiweka jikoni."

Siku ya pili tukaleta mzigo wa aina nyingine: mlima wenyewe. Tulikuwa tunataka kuchora bweni la wanafunzi kwenye mteremko, na huku kwetu jengo halianzi kwenye ukuta, linaanza kwenye ardhi. Ramani za bure za miinuko zipo, zile zilizopimwa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kwa siku 11 tu Februari 2000. Ni kazi ya maana sana, dunia karibu nzima. Ila kila nukta yake ni mita 30 kwa 30. Kwenye uwanda wa Mkomazi mita 30 hakuna kinachobadilika. Lushoto ndani ya mita 30 kuna nyumba, zizi, migomba, matuta matatu na tofauti ya urefu ya ghorofa mbili. Ukichora bweni kwa nukta ile, msingi wako upande mmoja unaelea na upande wa pili umezikwa. Kwa hiyo unarusha droni, unapata wingu la nukta, mamilioni kwa mamilioni, kila jiwe na kila kichaka. Wale jamaa wa Zamani Project wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa leza kwa njia inayofanana na hiyo, mpaka leo unaweza kuuona msikiti wa Kilwa kiooni bila kupanda jahazi. Wingu la namna hiyo ndilo kichapo halisi. Halina nakala za kivuli, kila nukta iko peke yake.

Tukaliingiza wingu, tukaweka na Kariakoo juu yake bila sababu yoyote ya kazi, ili tu mashine isikie. Kadi inarenda, prosesa inasuka mteremko, vyote kwa wakati mmoja. Saa tatu usiku ilikuwa inachapa kazi. Saa tano bado. Tukapeana zamu, dogo akalala kwenye mkeka, msee akajifunika blanketi mpaka kichwani, analalamika: "Hii baridi si ya kawa." Nilikuwa najivunia ile ngoma kinoma.

Saa nane na dakika chache, umeme ukashuka. Haukukatika, ulishuka tu, taa ya geto ikawa ya njano. UPS, ile betri ya akiba, ikalia mlio mmoja mrefu, na kila kitu kikazima. Kimya. Nikasikia vyura wa bondeni.

Asubuhi tukakaa chini tukapiga hesabu, na hesabu ilikuwa wazi kuliko nilivyotaka. UPS yetu iliandikwa VA 1,000 kwa maandishi makubwa. Ubavuni, kwa maandishi ya sisimizi, wati 600. Hizo ni namba mbili tofauti, na inayobeba mzigo ni ya wati. Kadi ile ikikazwa inakula wati 450. Prosesa inaweza kula 230. Ongeza feni, diski, mazabodi, kioo: umepita 700. Volti ziliposhuka, UPS ikajaribu kuubeba mzigo wote kwa betri, ikauangusha palepale. Faili la mteremko lilikuwa katikati ya kuandikwa kwenye diski. Halikufunguka tena. Tulikuwa na nakala, kwa sababu lilikuwa jaribio. Ingekuwa kazi ya mteja wiki ya makabidhiano, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Kwa hiyo mashine yetu ya moto ilipita mtihani, na kilichofeli ni kijisanduku cha chini ya meza ambacho hakuna aliyekipigia picha ya stetasi. Hili nataka kila kijana anayechanga hela asikie. Tunalinganisha kadi na prosesa miezi sita, tunabishana vijiweni, halafu umeme tunaununulia kitu cha kwanza tunachokiona rafuni. Na hapa tulipo, chini ya mlima wetu huuhuu, mto Pangani umewekewa mitambo ya Hale yenye uwezo wa megawati 21 na ya New Pangani Falls yenye megawati 68. Umeme tunaishi nao jirani, lakini ukipanda mlima kwenye nguzo ndefu mpaka getoni, unafika umechoka.

Dawa yake ilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani. Kadi ya 4090 unaweza kuishusha kwa programu mpaka asilimia 70 ya nguvu, ikala wati 315 badala ya 450, na kasi inayopotea ni ndogo mno. Picha iliyochukua dakika kumi, ikazidi kwa chini ya dakika moja. Prosesa nayo ina hali ya kubana matumizi, unaichagua kwenye mipangilio ya mazabodi, ikashuka mpaka daraja la wati 105 na joto likashuka nayo. Feni zikatulia zaidi. Hakuna mteja duniani atakayegundua picha yake imechelewa sekunde 40, lakini atagundua ukimwambia faili limekufa. Tukaongeza UPS ya VA 2,000, safari hii tukisoma maandishi ya sisimizi kwanza, na stebilaiza mbele yake.

Siku ya tatu tukarudia kila kitu. Kariakoo na miavuli yake yote, shimoni limejaa nyanya, mlima chini yake, kadi na prosesa pamoja. Masaa manane. Mwisho kabisa dogo wa Magamba akaambiwa akachomoe waya wa ukutani kwa mkono wake. Alisita, akatuangalia mmoja mmoja.

"Toa," msee akamwambia. "Bora iwe sai."

Akachomoa. UPS ikalia, kioo kikabaki kinawaka, tukahifadhi faili, tukafunga programu moja baada ya nyingine bila kukimbizana, tukazima kwa adabu. Saa ya simu ikasema dakika sita. Kesho yake tukaanza bweni.

Wewe unayechanga sasa hivi, nenda dukani na faili lako kwenye flashi, zito kuliko yote uliyowahi kuchora, omba saa mbili, kama muuzaji anakataa sepa. Ukishafika nayo nyumbani, soma wati za UPS kabla hujaweka stetasi, halafu usiku mmoja chomoa waya mwenyewe.